Namna ya kuonja bia ya kale ya mitishamba na viungo: mwongozo kamili kwa mtu wa Malindi

Msimu wa watalii ukiisha hapa Malindi, chupa ngeni hubaki nyuma. Mgeni anamwachia mpishi, mlinzi au mwenye nyumba bia mbili tatu alizokuja nazo kwenye sanduku, zilizopikwa kwa mtindo wa zamani: mitishamba na viungo vimechukua nafasi yote au sehemu kubwa ya nafasi ya hopsi, yale maua yanayoipa bia ya kawaida uchungu wake. Halafu yanakuja maswali yaleyale. "Nimeifungua inanuka dawa ya kifua, imeharibika?" "Mbona haina ule uchungu?" "Mbona povu limekufa papo hapo?" Na mara nyingi bia iliyokuwa nzima kabisa imeshamwagwa kwenye sinki.

Hilo linaniuma. Sisi tumelelewa na iliki, karafuu na mdalasini, pua tunazo. Tunachokosa ni utaratibu. Mwongozo huu ni wa kukufikisha mahali ambapo ukiweka glasi mezani unaweza kujibu maswali matatu: ni kiungo gani kimo humu, kinafanya kazi gani, na je, bia hii ni nzima au imeharibika? Kuipenda au kutoipenda ni suala la baadaye.

## Vitu vya kuandaa

- Chupa moja hadi tatu za bia. Zisizidi tatu kwa kikao kimoja, maana baada ya hapo ulimi unachoka na kichwa kinaanza kuamua badala ya pua.
- Glasi moja kwa kila mtu, yenye tumbo na mdomo mwembamba kidogo. Glasi ya mvinyo inafaa sana. Ile pana ya sharubati haifai, harufu inapotea.
- Maji ya kunywa yasiyo baridi, na boflo lisilopakwa kitu.
- Viungo kutoka sokoni, kidogo kidogo: iliki, karafuu, mdalasini, tangawizi mbichi, pilipili manga, giligilani (zile mbegu, si majani ya dania), ganda la chungwa lililokaushwa na, ukipata kwa wauza ubani, kipande cha manemane.
- Vikombe vidogo vya kahawa, kimoja kwa kila kiungo.
- Kahawa tungu isiyo na tangawizi, na chai ya rangi iliyokolea.
- Daftari, kalamu, na chombo cha kutemea.

Kabla hujaenda mbali, mambo manne. Hii ni pombe: aliye chini ya miaka 18 haihusu, na anayeendesha gari au boda atafute siku nyingine. Mjamzito asionje kabisa, kwa sababu ya pombe yenyewe na pia kwa sababu baadhi ya mitishamba ya bia hizi haifai kwa mimba. Usimpe mtu glasi bila kumwambia kilichomo. Majirani wengi wa Malindi ni Waislamu, na harufu ya iliki na chungwa inaweza kumfanya mtu adhani ni sharubati. La nne, usichume majani porini ukayatia kwenye chupa kujaribu "mtindo wa zamani". Katika mimea iliyotumiwa Ulaya kupikia bia umo Rhododendron tomentosum, ambao ukizidi ni sumu.

## Hatua ya 1: Isome lebo, kisha panga zamu

Tafuta mambo mawili: asilimia ya pombe na orodha ya mitishamba. Lebo ikiwa ya Kiitaliano au Kiholanzi, muulize aliyekupa. Malindi haikosi wa kukusomea Kiitaliano.

Mimi huzigawa bia hizi katika makundi matatu kulingana na kazi ya kiungo, na ndiyo zamu ninayoifuata wakati wa kuonja.

Za mbegu na maganda. Bia ya ngano ya Ubelgiji yenye giligilani na ganda la chungwa, kama Hoegaarden, ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Ni nyepesi na ni mlango mzuri wa kuanzia.

Za moto. Hapa tangawizi au pilipili manga ndiyo inayoongoza.

Za utomvu. Hizi ndizo zinazowashinda watu. Katika kundi hili kuna bia za Myrica gale, kichaka cha kwenye mabwawa ya Ulaya ya kaskazini. Kuna sahti ya Finland, ambayo hupitishwa kwenye matawi ya juniperi, ndugu wa mutarakwa wa bara. Na kuna zenye manemane. Koyt ya Jopen, kutoka Haarlem nchini Uholanzi, inafuata mapishi ya mwaka 1407 na ina pombe ya asilimia 8.5. Nora ya Baladin, kutoka Piozzo kaskazini mwa Italia, ina tangawizi na manemane, na hopsi kidogo sana. Kwa kuwa Malindi ina Waitaliano wengi, hiyo Nora ndiyo ninayoitumia kama mfano hapa chini.

Ukianza na ya utomvu, bia ya giligilani inayofuata utaiona maji matupu. Anza na nyepesi umalizie na nzito.

## Hatua ya 2: Ipumzishe chupa, iponyeshe baridi

Isimamishe chupa kwenye friji tangu jana yake. Nyingi ya bia hizi hazichujwi, kwa hiyo chini kuna mashapo ya hamira, na chupa iliyolazwa huyavuruga yote.

Kisha itoe mapema. Friji nyingi ziko kwenye nyuzi 4 hivi, na baridi hiyo huifunga harufu ya viungo. Kinachobaki ni ukali tu. Bia nyepesi ionjwe kwenye nyuzi 7 au 8, nzito kwenye 10 hadi 12. Kwa joto letu, hasa wakati wa kaskazi, chupa ndogo ikikaa mezani dakika 15 inatosha. Huna kipimajoto? Shika glasi kiganjani: iwe baridi, itoe jasho, lakini isikuumize mkono.

Usiiongezee barafu. Barafu inaua harufu na inaongeza maji kwa pamoja.

## Hatua ya 3: Noa pua kwa vikombe vya viungo

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayotofautisha mwonjaji na mtu anayekisia. Asiyekunywa pombe anaweza kuifanya hii peke yake na akafaidi.

Twanga kila kiungo kidogo kwenye kinu, kitie kwenye kikombe chake, mwagia maji ya moto vijiko viwili, funika kwa kisahani. Subiri dakika tano. Funua, nusa mara mbili kwa kifupi, funika tena. Andika neno la kwanza linalokujia, hata kama ni "nyumba ya bibi siku ya Idi". Neno lako mwenyewe litakukumbusha haraka kuliko neno la kuazima.

Zingatia haya:

Giligilani iliyotwangwa inanukia machungwa kuliko unavyotarajia. Wengi wakionja bia ya Ubelgiji husema ni chungwa tupu, kumbe nusu ya harufu hiyo ni giligilani. Nusa vikombe viwili hivyo kwa kupokezana mpaka uone tofauti: ganda la chungwa lina ukali wa mafuta na uchungu mwembamba, giligilani ina ulaini wa maua.

Karafuu ina mtego. Kuna hamira za bia, hasa za bia ya ngano, ambazo zenyewe hutoa harufu ya karafuu bila karafuu hata moja kutiwa sufuriani. Ukiinusa, usikimbilie kuandika kwamba mpishi katia karafuu. Rudi kwenye lebo. Karafuu halisi huacha ganzi kidogo kwenye ulimi. Ya hamira haiachi.

Manemane inastahili muda wako. Ishike kwanza ikiwa kavu: haina harufu kubwa. Ivunje, inuse mahali ilipovunjika. Ni utomvu, ni udongo mkavu, na ndani kuna utamu wa mbali unaofanana na ubani kabla haujatiwa kwenye chetezo. Kisha lamba kidogo kwa ncha ya ulimi. Uchungu wake haushambulii. Unapanda polepole na kukaa. Ukishaujua huo, Nora haitakutisha.

Myrica gale hutaipata sokoni Malindi. Iliyo karibu nayo zaidi ni jani la mkaratusi lililosuguliwa kidogo na kunuswa kwa mbali, au jani kavu la bay linalotiwa kwenye pilau. Ndiyo maana watu wanasema "dawa ya kifua": dawa nyingi za kifua zimejengwa kwenye familia hiyohiyo ya harufu. Si dalili ya kuharibika.

Ukifaulu: mwenzako akikufumba macho na kukupitishia vikombe bila mpangilio, unavitaja kwa uhakika vyote au vyote kasoro kimoja.

## Hatua ya 4: Safisha glasi, mimina

Osha glasi kwa sabuni isiyo na manukato, suuza mara nyingi, iache ikauke yenyewe. Kitambaa cha jikoni kilichofutia sahani ya samaki kitaacha mafuta, na mafuta huua povu. Jaribio ni jepesi: lowesha glasi ndani. Maji yakiteleza kama utando mmoja, ni safi. Yakijikusanya matone matone, rudia kuosha.

Mimina ukiwa umeinamisha glasi, kisha isimamishe kuelekea mwisho ili povu lipande. Jaza robo tu. Nafasi iliyo wazi ndimo harufu inamokusanyika. Chupa ya mililita 330 inatosha watu wanne. Acha kidole kimoja cha mashapo chupani.

Povu likifa haraka, usiihukumu bia. Asidi za hopsi husaidia povu kusimama, kwa hiyo bia isiyo na hopsi huanza ikiwa na upungufu huo kwa maumbile yake. Ila bia ikifurika yenyewe unapofungua tu, kabla hujamimina, hiyo ni alama ya tahadhari. Ama ilitikiswa sana safarini au kuna vijidudu vilivyoendelea kula sukari chupani. Iendee polepole.

## Hatua ya 5: Nusa kabla ya kunywa

Nusa mara tu baada ya kumimina, kwa sababu harufu nyepesi za maganda na maua huruka kwanza. Pumua kifupi mara mbili tatu, pua ikiwa mdomoni mwa glasi. Ondoa. Subiri. Zungusha glasi, funika kwa kiganja, funua, nusa tena.

Usivute pumzi moja ndefu. Pua huzoea harufu upesi na kuacha kuisikia. Ikichoka, nusa kitu kisicho kigeni kwako, kwa mfano ngozi ya mkono wako karibu na kiwiko, mradi hukujipaka marashi. Na kwa siku hiyo mezani pasiwe na udi, asumini wala dawa ya mbu.

Andika kwa mfuatano: kilichokuja kwanza, kilichofuata, kilichobaki. Katika Nora, kwa pua yangu, tangawizi na ngozi ya chungwa hutangulia, kimea kitamu kinafuata, manemane inakaa chini kabisa na huonekana zaidi glasi ikishapata joto.

## Hatua ya 6: Piga funda la kwanza, lisahau, la pili liamue

Funda la kwanza ni la kuamsha kinywa tu. Usiandike kitu. Viputo na pombe hukishtua kinywa na kukidanganya.

Funda la pili liwe dogo. Lipitishe juu ya ulimi wote, mashavuni, kisha meza na utoe pumzi kwa puani huku mdomo umefungwa. Hapo ndipo viungo hujitokeza. Ulimi wenyewe hauijui iliki wala mdalasini: unajua tamu, chachu, chumvi, chungu, na ile ladha nono ya mchuzi. Mengine yote ni pua inayofanya kazi kwa mlango wa nyuma.

Kama huamini, bana pua, piga funda, hesabu hadi tatu, achia. Ghafla viungo vinamiminika. Naipenda sana sehemu hii. Mtu akiifanya mara ya kwanza uso wake wote hubadilika.

Ukitema, tema baada ya kutoa pumzi kwa puani. Kula kipande cha boflo, kunywa maji, pumzika dakika mbili kabla ya funda lingine.

## Hatua ya 7: Tenganisha uchungu, ukakasi na muwasho

Nikitafuta mahali watu wanapokwama, ni hapa. Wanasema bia "kali" au "chungu" halafu wanasimama hapo, ilhali mambo matatu tofauti yanatokea kinywani, na kila moja lina chanzo chake.

Fanya zoezi hili kabla ya bia. Piga funda la kahawa tungu: huo ni uchungu, unabaki ulimini hata ukishameza. Suuza kinywa. Piga funda la chai ya rangi iliyokaa na majani dakika kumi: ulimi unakauka, mashavu yanajivuta, kama umetafuna bibo la korosho ambalo halijaiva vizuri. Huo ni ukakasi, na si ladha. Ni hisia ya kukauka. Suuza tena. Tafuna kipande cha tangawizi mbichi: huo ni muwasho, mishipa ya fahamu inayohisi joto na maumivu imeguswa, na ukibana pua hauondoki.

Sasa rudi kwenye glasi na uipe kila hisia alama, sifuri hadi tano.

Uchungu katika bia hizi hutoka kwenye manemane, ganda la chungwa, au mitishamba kama Achillea millefolium, mmea mchungu wa porini huko Ulaya. Ukilinganisha na bia za kawaida ni mdogo, na mpishi alikusudia hivyo. Utamu wa kimea unasimamiwa na harufu, ukakasi na muwasho kwa pamoja. Kwa hiyo ukiutafuta uchungu wa hopsi humu utasema bia haina kitu, na utakuwa umeikosa yote.

Ukakasi kidogo ni mzuri. Unakausha kinywa na kukuita funda lingine. Ukifika alama nne au tano, viungo vilichemshwa mno au vilikaa muda mrefu, hasa mdalasini na maganda. Hapo ndipo una haki ya kumlaumu mpishi.

Muwasho unaozidi funda baada ya funda ni wa kawaida kwa tangawizi na pilipili manga. Ila ukiunguza koo peke yake bila harufu yoyote ya tangawizi, angalia asilimia ya pombe na joto la glasi.

Ukifaulu: unaweza kumwambia mwenzako, "Uchungu mbili, ukakasi tatu, muwasho moja," naye akionja anaelewa unachosema hata kama hakubaliani nawe.

## Hatua ya 8: Je, ni mitishamba au imeharibika?

Tumia pua zaidi ya ulimi.

Harufu ya mkaratusi, utomvu au zeri: mitishamba. Harufu ya bendeji ya hospitali au ya dawa ya kusafishia choo: hitilafu, mara nyingi klorini ya maji au hamira ya porini. Zote mbili watu huziita "dawa", na kwa sababu hiyo bia nzuri zinamwagwa.

Ugwadu safi wa limau unaweza kuwa ndio mtindo. Siki inayochoma pua si mtindo, isipokuwa lebo iseme bia ni chachu.

Siagi au bisi zilizokaangwa, mahindi ya kuchemsha, tufaha bichi: makosa ya upishi au ya kuharakisha uchachushaji. Hakuna mmea wa bia za kale unaoleta siagi.

Boksi la karatasi lililolowa maji: bia imezeeka au imekaa kwenye joto. Hii ndiyo hitilafu kubwa ya Malindi, kwa sababu chupa hukaa miezi juu ya kabati kwenye chumba kisicho na feni. Stima ikipotea siku nzima si msiba. Miezi ya nyuzi 30 ndiyo inayoua. Bila hopsi, ambayo huzuia baadhi ya bakteria, bia hizi mara nyingi hazina ulinzi wa kutosha.

Ila kuna faida moja. Ile harufu ya kicheche inayoingia kwenye bia iliyokaa juani hutokana na mwanga kuvunja asidi za hopsi. Bia isiyo na hopsi hata kidogo haiwezi kuipata. Ukiinusa kwenye chupa inayodai haina hopsi, lebo haijasema ukweli.

## Hatua ya 9: Rudia glasi ikishapata joto, kisha lete chakula

Acha kidogo glasini, urudi baada ya dakika 20. Mnywaji wa mnazi anajua kwamba kinywaji cha asubuhi si cha jioni. Hapa mabadiliko ni ya joto tu, lakini ni makubwa vilevile. Utomvu hupanda, chungwa hupungua, pombe hujionyesha. Andika upya. Bia nzuri inaongezeka. Bia mbovu inajifichua.

Chakula kisitangulie, hasa achari, pilipili na kachumbari ya vitunguu. Baada ya kuandika, karibu. Bia ya giligilani na changu wa kukaanga zinakubaliana vizuri. Ya tangawizi inaubeba mchuzi wa samaki wa kupaka, kwa sababu tui linaupoza muwasho. Za utomvu ni ngumu kidogo. Mimi huzipeleka kwenye nyama ya mbuzi ya kuchoma au korosho za kuokwa, wala sizipeleki kwenye pilau, kwa sababu viungo vya sahani na vya glasi vinagombana na hakuna anayeshinda.

Maandishi yako yawe mafupi. Haya ni ya bia ya ngano: "Njano iliyofifia, ina ukungu. Povu jeupe, limekaa. Pua: ganda la chungwa, kisha giligilani, kisha mkate. Kinywa: ugwadu kidogo, utamu mwepesi. Uchungu moja, ukakasi sifuri, muwasho sifuri. Hitilafu hakuna. Baada ya dakika 20 chungwa limepungua, giligilani imebaki."

## Hatua ya 10: Jipime

Mwambie mwenzako amimine glasi tatu usizoziona zikimiminwa: mbili za bia moja, ya tatu ya bia nyingine ya kundi lilelile. Zote ziwe na joto moja na kiasi kimoja, nawe ufumbe macho ili rangi isikuibie jibu. Kazi yako ni kutaja iliyo tofauti na kusema ni hisia gani au kiungo gani kilichokuonyesha.

Rudia mara tatu, glasi zikibadilishwa nafasi, boflo na maji katikati, funda dogo dogo na chombo cha kutemea karibu. Anayebahatisha tu hupatia zote tatu mara moja katika 27.